Kisesa wa Tabora: Alivuliwa Uliwali kwa Kosa Gani?

Abdallah bin Nasibu alikuwa mtu wa vita kabla hajawa liwali. Wanyamwezi walimwita Kisesa. Mwaka 1865 aliongoza msako uliomalizika kwa kuuawa Manua Sera, mtemi wa Unyanyembe, nchi iliyozunguka Tabora, aliyekwisha kuondolewa kitini. Mwaka 1878 akashika mamlaka ya Tabora baada ya kumsukuma nje liwali aliyekuwapo. Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Unguja akamwondoa, naye akatoka katika historia ya mji huu kwa aibu. Alionewa, au alipata alichostahili?

Nimeliweka swali hili mbele ya sauti nne ambazo hazikosekani panapozungumzwa habari za Tabora ya zamani: Mwalimu wa historia aliyestaafu, Wakili kijana, Mwenye Duka ambaye wazee wake walifika Unyanyembe pamoja na misafara, na Mzee wa Kinyamwezi aliyelelewa na habari za watemi. Hoja ni zao. Mwishoni nitatoa hukumu yangu.

MWENYE DUKA: Mimi nasema alionewa. Tabora ilikuwa na liwali mzee, Said bin Salim Al-Lamki, mtu wa adabu zake lakini si mtu wa vita. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo alipofunga njia ya Ujiji, Waarabu wa hapa walikusanya zaidi ya watu 2,000 kwenda kumpiga. Kikosi cha Soud bin Said bin Majid kikaingia Wilyankuru, kikateka pembe na watu, na wakati wa kurudi Mirambo akawavizia nyasini. Soud akafa pale pale. Waliosalia wakakimbia, liwali wao akiwamo, kila mtu na roho yake. Tarehe 22 Agosti Mirambo akaja Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji na kumwua Khamis bin Abdallah aliyetoka na watu wachache kumkabili. Baada ya hapo mji unamhitaji nani? Unamhitaji mtu kama Abdallah.

WAKILI: Bwana, mji kumhitaji shujaa hakumpi shujaa ruhusa ya kujitwalia ofisi. Said bin Salim aliondolewaje? Fitina zilipelekwa Unguja, na huku kazi ikamalizwa kwa nguvu, Mtemi Isike wa Unyanyembe akiwa upande wa Kisesa. Mzee wa watu akakimbilia Uyui, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mimi nikipewa jalada hilo, sihitaji kusoma ukurasa wa pili. Mtu aliyeingia kwa mlango huo hana haki ya kulalamika akitolewa kwa mlango huo huo.

MWALIMU: Wakili, taratibu kidogo. Tuitazame kwanza ofisi yenyewe. Huyo Said bin Salim ndiye aliyewaongozea msafara Burton na Speke walipotoka pwani mwaka 1857, kwa amri ya Sultani. Aliwahi kuwa liwali wa Saadani. Walifika Kazeh, ambayo leo imo ndani ya Tabora, tarehe 7 Novemba, baada ya zaidi ya miezi minne njiani. Mwaka 1861 alipita tena na Speke na Grant, akaugua, wakamwacha hapa. Ndipo akaja kuwa liwali wa Unyanyembe. Sasa jiulizeni, alikuwa liwali wa nani? Ardhi ni ya mtemi. Wafanyabiashara ni Waarabu wenye watumwa na bunduki zao wenyewe, na kila mmoja wao anajiona sultani katika tembe lake. Sultani mwenyewe yuko Unguja, mwendo wa miezi. Barua ya kulalamika ikienda, jibu hulipati mpaka mwaka umekaribia kuisha. Naye liwali anafanya biashara ile ile ya pembe, kwa hiyo hata akiamua shauri kwa haki, aliyeshindwa atasema ameamua kwa faida yake.

WAKILI: Hiyo ni sababu ya kumhurumia Said. Si sababu ya kumsamehe Kisesa.

MWALIMU: Sijasamehe mtu bado.

MWENYE DUKA: Ongezeni na madeni. Watu wanadhani wazee wetu walikaa Tabora wanakula tende na kuhesabu pembe. Bidhaa zote, merikani, kaniki, shanga, waya, walizichukua kwa mkopo Unguja, kwa matajiri wa Kihindi kama Ladha Damji aliyekuwa akiendesha forodha. Njia ikifungwa miezi sita, deni halingoji. Mtu wa namna hiyo akisikia mtemi fulani anataka ushuru mpya, au Mirambo amekalia njia, moyo wake unakwenda kwenye vita haraka. Siwatetei, naeleza tu walivyobanwa.

MZEE: Wanangu, nimewasikiliza. Mnabishana kama liwali huyu alimwonea liwali yule. Mbona hakuna aliyetaja aliyekuwa na nchi? Mmemtaja Isike mara moja, tena kama msaidizi wa Kisesa. Mimi nitaanza na Manua Sera, na mtaniwia radhi nikichukua muda.

Alipokufa Mtemi Fundikira, mwishoni mwa miaka ya 1850, Manua Sera alikaa kitini. Chini ya Fundikira wageni walikuwa wamezoea kupitisha mali bila kutoa kitu kikubwa. Huyu akasema: mnapita kwangu, mnakunywa maji yangu, pembe zinazotoka Ujiji na Karagwe zinalala kwangu, basi toeni ushuru. Kosa liko wapi? Wagogo walitoza hongo kila penye kisima, na misafara ililipa. Pwani Sultani alitoza ushuru wa forodha, na hakuna aliyemwita mwizi. Lakini mtemi wa Unyanyembe alipodai, wakamwondoa mwaka 1860, wakamweka Mkasiwa. Manua Sera akaingia porini na watu wake, akawa anaikata njia. Snay bin Amir, yule aliyemkaribisha Burton hapa Kazeh kwa ukarimu mkubwa, akafa katika vita hivyo mwaka 1861. Speke alimkuta Manua Sera njiani mwaka huo huo, naye akaomba apatanishwe na Waarabu. Mapatano hayakufika popote. Miaka minne baadaye Kisesa akamaliza kazi.

WAKILI: Kwa hiyo, Mzee wangu, unasema shtaka la kwanza ni la 1865, wala si la 1878.

MZEE: Nasema zaidi ya hapo, binti yangu. Mnamjua Nyungu ya Mawe?

WAKILI: Namjua kama mkuu wa rugaruga, wapiganaji wale wa Ukimbu.

MZEE: Alikuwa wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe. Damu ya hapa hapa. Manua Sera alipouawa, Nyungu akashika njia yake, akakusanya rugaruga na kujijengea enzi kule Kiwele, akawatiisha watemi wengi wa Ukimbu, na pori la Mgunda Mkali lote likawa halipitiki bila kumfikiria yeye. Misafara ya kutoka Ugogo kuja Tabora ilipita ubavuni mwake. Sasa niambieni, Kisesa alimaliza vita mwaka 1865, au alivizaa upya?

Hapa naomba niingilie kama mwandishi, kwa sababu jambo hili huachwa pembeni. Vitabu vingi vya shule vinawataja Mirambo na Nyungu ya Mawe kana kwamba walichomoza kutoka porini kwa tamaa ya vita. Nyungu alikuwa na kisa. Baada ya kuuawa kiongozi aliyedai ushuru wa halali, waliobaki wa ukoo wake walijifunza kwamba kudai kwa maneno hakufai kitu. Ukilisoma jambo hilo kwa makini, miaka ya 1870 katika njia hii inaonekana kwa sura nyingine kabisa.

MWALIMU: Mzee amenifungulia njia, maana kilichomwangusha Kisesa kinapita kwa Nyungu huyo huyo. Desemba 1878 mmisionari mmoja Mwingereza, William Penrose, fundi mitambo wa Church Missionary Society, alikuwa akija na msafara kuelekea ziwani. Rugaruga wa Nyungu wakamwua kabla hajafika Tabora. Huko Unguja John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza, alikuwa na sikio la Barghash. Waingereza walikuwa na shaka kwamba liwali wa Tabora anawachukia wageni wa Ulaya na kwamba mkono wake umo katika kifo kile. Malalamiko yakarundikana. Juni 1880 wakauawa Carter na Cadenhead, watu wa msafara wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ule ulioleta ndovu wa Kihindi wajaribiwe kubeba mizigo. Mwaka uliofuata Abdallah akaondolewa.

MWENYE DUKA: Ahsante, Mwalimu. Hapo ndipo nilipotaka mfike. Penrose aliuawa na watu wa Nyungu. Carter na Cadenhead waliuawa huko Mpimbwe, katika vita vya Mirambo na mshirika wake Simba. Aliyefukuzwa ni nani? Abdallah bin Nasibu wa Tabora! Kama hii si dhuluma, dhuluma ni nini? Barghash alikuwa anabanwa. Mwaka 1873 alilazimishwa kufunga soko la watumwa la Unguja. Mwaka 1876 akatoa amri mbili za kuzuia misafara ya watumwa kutoka bara na kuwapitisha nchi kavu. Kila Kirk alipogonga meza, ilibidi kitu kitolewe. Safari hii akatolewa Abdallah.

WAKILI: Nakubali nusu. Kwa kifo cha Penrose, ushahidi uliopo usingemtia hatiani mbele ya hakimu mwenye akili. Shaka ya balozi si ushahidi. Lakini kufukuzwa kazi si kunyongwa. Mtumishi wa umma anaweza kuondolewa kwa sababu njia aliyokabidhiwa haipitiki, hata kama si yeye aliyeshika mkuki. Liwali aliwekwa Tabora kwa kazi kubwa moja, mali ya Sultani na ya raia zake ipite salama. Chini ya Kisesa ilipita?

MWENYE DUKA: Chini ya nani ilipita? Barghash mwenyewe alileta jeshi huku baada ya 1871. Likakaa, likala chakula cha wenyeji, Mirambo hakushindwa, likaondoka.

WAKILI: Kwa hiyo vita havikufaa. Mirambo alikwisha kuonyesha kwamba yuko tayari kufanya biashara, na katikati ya miaka ya 1870 kulikuwa na nafasi ya amani. Liwali mzee alishukiwa kuwa laini kwake. Huo ulaini ndio uliokuwa siasa nzuri! Akaja mtu ambaye maisha yake yote alitatua mambo kwa bunduki, akaikuta amani changa, akaitilia mashaka. Sisemi hakuwa shujaa. Nasema ofisi ilihitaji mpatanishi, naye alikuwa na ufundi mmoja tu.

MZEE: Na mpatanishi mlikuwa naye, mkamfukuza akafie Uyui.

MWENYE DUKA: Mzee wangu, si mimi niliyemfukuza.

MZEE: Nawaambia nyote, baba. Hata sisi. Isike alikuwa nao.

Kauli hiyo ya mwisho inastahili kukaa masikioni, kwa sababu inamtoa Isike katika nafasi ya mtazamaji. Alirithi kiti cha Mkasiwa mwaka 1876. Kushirikiana na Kisesa dhidi ya liwali mzee kulimpa faida ya muda, lakini alikuwa anacheza na watu waliomwua mtemi wa ukoo wake kwa sababu ya kodi. Naamini alilijua hilo. Tembe lake la Isiunula alilizungushia kuta nene na kuliwekea akiba ya baruti. Wajerumani walilishambulia mwaka 1892, wakarudishwa, na Januari 1893 Luteni Tom von Prince akaliingia. Isike alijilipua katika ghala la baruti kuliko kutekwa hai. Wakati huo hakuna jeshi la Unguja lililokuja, wala wafanyabiashara wa Tabora hawakumsimamia. Wengi wao walikwisha kukubali bendera ya Ujerumani iliyopandishwa mjini na Emin Pasha mwaka 1890.

MWALIMU: Naomba nitaje jambo moja dogo. Ukienda Kwihara leo, kilomita chache kutoka mjini, utakuta tembe lililojengwa upya na kufanywa makumbusho. Kuta za udongo, paa la bapa, vyumba vimezunguka ua, mlango wa kuchonga wa namna ya pwani uliosimama katikati ya nchi ya miombo. Hapo ndipo Said bin Salim alipomkaribisha Stanley mwaka 1871. Livingstone alikaa hapo mwaka uliofuata akingoja wapagazi, mpaka alipoondoka Agosti. Mwaka 1873 msafiri Cameron naye akakaribishwa hapo, na Oktoba ya mwaka huo mwili wa Livingstone ukapita Unyanyembe ukienda pwani. Wageni wanaofika hapo wanamwulizia Livingstone. Ni haki yao. Lakini mkaribishaji alikuwa liwali, na liwali huyo aliishia kukimbia mji aliouongoza.

WAKILI: Na wapagazi?

MWALIMU: Unasema kweli. Wapagazi ndio waliobeba yote haya. Mzigo wa karibu kilo 30 begani, kwenda pwani na kurudi. Kila mara njia ilipofungwa na Manua Sera, na Mirambo, na Nyungu, na majeshi ya wafanyabiashara, kijana wa Kinyamwezi aliyekwenda kutafuta nguo na jembe la mahari ndiye aliyelala njaa Mgunda Mkali. Katika malalamiko yaliyomwangusha Kisesa, Wazungu ndio walioonekana. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakuonekana.

MWENYE DUKA: Kwa hilo sina jibu. Lakini mniruhusu kusema mtu huyu hatumjui kwa sauti yake. Tunamjua kwa walivyomwandika wasafiri, wamisionari na balozi, watu ambao hawakumpenda. Mimi nimekulia hapa, babu yangu na babu wa Mzee walizikwa udongo mmoja. Sitaki Kisesa awe jina la kuwasuta Waarabu wa Tabora wote.

MZEE: Hatuwasuti. Tippu Tip mwenyewe, baba yake Muhammad bin Juma alioa katika nyumba ya Fundikira. Undugu ulikuwapo, na mauaji yalikuwapo. Mimi nataka vyote viwili visemwe.

Hapa sauti zinyamaze, nitoe hukumu niliyoahidi.

Mwenye Duka ana haki kuhusu namna Abdallah bin Nasibu alivyoondolewa. Kifo cha Penrose kilikuwa cha rugaruga wa Nyungu. Vifo vya Mpimbwe havikumhusu kabisa. Barghash alikuwa mtawala aliyebanwa, na kumwondoa liwali wa mbali kulimgharimu kidogo kuliko kumkatalia Kirk. Ukilitazama shtaka lenyewe, ushahidi hautoshi.

Wakili naye ana haki kwamba Kisesa hakufaa kuwa liwali. Alimsukuma nje mtu aliyekuwa na uzoefu wa miaka mingi na njia hii, kwa sababu mtu huyo alionekana mpole mno. Akaiongoza ofisi ya usuluhishi kama kikosi cha vita. Angeondolewa hata bila kifo cha Mwingereza yeyote, ningesema ni sawa.

Lakini hoja ya Mzee inazipita zote mbili, nami nasimama nayo. Kosa kubwa la Abdallah bin Nasibu ni lile alilosifiwa nalo. Aliyeuawa mwaka 1865 alikuwa mtawala aliyetaka ushuru kwa mali inayopita nchini mwake, kama alivyofanya Sultani mwenyewe katika forodha ya Unguja. Kwa mauaji hayo Kisesa hakuulizwa neno, na miaka 13 baadaye akakaa juu ya Tabora. Ukoo ulioumizwa ukamtoa Nyungu ya Mawe, rugaruga wa Nyungu wakamwua Penrose, na kwa Penrose Kisesa akaanguka. Wakubwa wa Unguja, Barghash pamoja na Kirk, waliona kiungo cha mwisho tu cha mnyororo huo, kwa sababu ndicho kilichokuwa na jina la Kizungu. Alihukumiwa mtu aliyestahili hukumu, kwa kosa ambalo si lake, na kosa lake halisi halikuandikwa popote katika mashtaka.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji imo katika orodha ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, na Kwihara imo ndani yake. Wanafunzi wataendelea kupelekwa pale. Walimu wa Tabora, mnapofika mlangoni mwa tembe lile na kumtaja Livingstone, mtajeni na Said bin Salim aliyemkaribisha, mtajeni na Kisesa aliyempindua, na kabla ya wote hao waambieni watoto habari za Mtemi Manua Sera na ushuru aliouawa kwa kuudai.